Sabufa mbili za koili za omu 4 kwenye amplifaya ya omu 2: nibadilishe kipi?

SWALI. Msomaji wetu wa Wete, Pemba, ana Toyota Probox aliyoifunga sabufa mbili za inchi 12. Kila sabufa ina koili mbili za omu 4 na uwezo wa wati 500 RMS (yaani za kudumu), na karatasi yake inaonyesha Fs (hezi ambazo koni, yaani kile kisahani kinachotikisika, huvuma yenyewe) hezi 30, Qts (kipimo cha jinsi koni inavyozuiwa isiyumbe ovyo) 0.5 na Vas (ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa koni) lita 40. Amplifaya ni ya chaneli moja yenye fyuzi mbili za ampea 40, na imeandikwa wati 600 kwa omu 4 na wati 1000 kwa omu 2. Koili zote nne zimeunganishwa pamoja, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Boksi limechongwa na seremala kwa plaiwudi ya milimita 12. Kwa ndani lina upana wa sentimita 80, kimo cha 35 na kina cha 32, na limetiwa vipande viwili vya bomba la maji la inchi 4, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 15. Muziki ukiwa chini hakuna tatizo, lakini akipandisha sauti taa nyekundu ya amplifaya huwaka na muziki hukatika, huku taa za mbele za gari zikififia kwa kila pigo. Tena besi huvuma kwa sauti ile ile hata wimbo ukibadilika. Fundi mmoja amemwambia amplifaya ni mbovu, wa pili amemtaka anunue kapasita na betri kubwa, na wa tatu anataka kumchongea boksi jipya. Anauliza amsikilize nani.

JIBU. Ndugu yangu, usinunue chochote kwa sasa. Kwa maelezo uliyoyatoa, amplifaya yako haina ubovu, na sabufa zako, iwapo koili hazijaanza kuungua, nazo ni nzima. Kilichoharibika ni ulinganifu baina ya amplifaya, sabufa na boksi: nyaya zimeungwa kwa namna ambayo amplifaya haiwezi kuistahamili, na boksi limetiwa mabomba yasiyolingana na ukubwa wake wala na tabia ya sabufa zenyewe. Yote mawili yanarekebishika kwa bisibisi, kipande cha waya, vipande vichache vya ubao na mita ya kupimia umeme ya bei nafuu, na itakuwa hasara kubwa ukituma fedha soko la Darajani, Unguja, kwa ajili ya amplifaya nyingine kisha ukaiunga kama ulivyoiunga hii.

Tuanze na nyaya, kwa sababu ndizo zinazoiwasha ile taa nyekundu. Koili mbili za omu 4 zinapoungwa sambamba, umeme hupata njia mbili za kupita badala ya moja, na ukinzani hushuka hadi omu 2. Sabufa mbili ambazo kila moja imekuwa ya omu 2 zikiungwa tena sambamba, amplifaya huona omu 1 tu. Amplifaya yako imetengenezwa kwa omu 2 kuwa kiwango cha chini kabisa. Ili itoe wati 1000 kwenye omu 2 inahitaji kutoa takriban volti 45, na kwa volti hizo mkondo unaopita kwenye waya wa spika ni kiasi cha ampea 22. Volti zile zile zikikutana na omu 1, mkondo huwa ampea 45, yaani maradufu, na transista za ndani hutakiwa kubeba mzigo ambao hazikupewa uwezo wa kuubeba wala chuma cha kupoza joto kinachotosha. Ukicheza kwa sauti ya chini volti ni ndogo, kwa hiyo mkondo nao ni mdogo na kila kitu huonekana shwari. Ukipandisha sauti, kinga ya ndani huhisi mkondo umepita kiasi, na hapo hukata. Fundi aliyekwambia amplifaya ni mbovu ameiona taa akadhani ndiyo maradhi, ilhali taa hiyo ndiyo iliyoiokoa mpaka leo. Usiendelee kuijaribu katika hali hiyo, kwani kinga haikuwekwa iwake kila siku, na amplifaya nyingi hufa baada ya kulazimishwa kwa wiki kadhaa namna hiyo.

Sasa lipo jambo ambalo wauzaji wengi hawamwelezi mnunuzi, na kwangu mimi ndilo kiini cha swali lako. Sabufa mbili zenye koili mbili za omu 4 haziwezi kukupa omu 2 kwa muungano wowote ulio sawa kwa koili zote nne. Ukiunga zote sambamba unapata omu 1. Ukiunga koili za kila sabufa kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, kila sabufa huwa omu 8, na mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Ukiunga koili za kila sabufa sambamba kisha sabufa hizo kwa mfuatano, unarudi pale pale kwenye omu 4. Ukiunga zote nne kwa mfuatano unapata omu 16. Kwa hiyo una 1, 4 na 16, basi. Omu 2 ungeipata kwa sabufa moja tu ya aina hii, au kwa sabufa mbili za koili mbili za omu 2 ambazo koili zake zimeungwa kwa mfuatano na sabufa zenyewe sambamba. Aliyekuuzia vitu hivi viwili pamoja aliangalia kwamba wati 500 mara mbili ni wati 1000, akatosheka na hesabu hiyo, asitazame omu.

Huenda ukatokea mtu akakushauri uunge koili moja tu ya kila sabufa na kuiacha nyingine bila waya, kwa kuwa 4 na 4 sambamba ni 2. Hesabu yake ni sahihi, lakini ushauri wenyewe haufai. Koili moja peke yake hubeba karibu nusu tu ya joto ambalo sabufa imeahidiwa kubeba, na juu ya hapo nguvu ya sumaku ya kuizuia koni hupungua, kiasi kwamba kile kipimo cha Qts kilichoandikwa kwenye karatasi hakiwi tena 0.5 bali hupanda karibu maradufu, na boksi lolote ulilolipigia hesabu huwa si lake tena. Mwengine atakwambia uunge sabufa moja sambamba na nyingine kwa mfuatano ili upate omu 1.6. Huko uko chini ya 2 bado, na sabufa moja itapokea nguvu mara nne ya mwenzake.

Kwa hiyo ziunge kwa omu 4 na uridhike na wati 600. Najua neno hilo ni zito kwa mtu aliyelipia wati 1000, lakini tofauti kati ya wati 1000 na wati 600 ni desibeli 2.2 tu. Sikio la mtu huhitaji ongezeko la karibu desibeli 10 ili lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, kwa hiyo unachopoteza ni kidogo sana, na unachopata ni kingi: amplifaya itafanya kazi bila kuchemka, kila sabufa itapokea wati 300 ambazo ni ndani ya uwezo wake, na umeme wa gari hautakamuliwa kama sasa.

Kabla ya kuunga, zipime sabufa zenyewe. Zitoe kwenye boksi, ziondoe nyaya zote, na pima kila koili peke yake kwa mita iliyowekwa kwenye omu 200, baada ya kuzigusanisha ncha za mita ili ujue waya wake wenyewe unasoma ngapi na uitoe nambari hiyo. Koili ya omu 4 iliyo nzima kwa kawaida husoma kati ya 3.2 na 3.8, kwa sababu mita hupima ukinzani wa shaba tu wakati nambari ya kwenye lebo ni ya impidansi, yaani ukinzani wa koili umeme geugeu unapopita ndani yake. Koili zote nne zinapaswa kukaribiana. Ikiwa tatu zinasoma 3.4 na moja inasoma 2 au haisomi kitu, hiyo imeungua. Kisha weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, pande mbili zinazotazamana, na uisukume ndani taratibu na kwa usawa. Koni nzima hushuka na kurudi kimya kama kitambaa, ilhali koili iliyoanza kuungua hukwaruza, na ukikaribisha pua kwenye tundu la nyuma ya sumaku unasikia harufu ya gundi iliyoungua.

Katika kila sabufa, unga nyeusi ya koili ya kwanza na nyekundu ya koili ya pili. Nyekundu na nyeusi zinazobaki ndizo ncha za sabufa hiyo. Chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, gusisha upande wake chanya kwenye nyekundu iliyobaki na upande wake hasi kwenye nyeusi iliyobaki. Koni inatakiwa iruke nje. Ikiruka ndani umeishika betri kinyume, na ikitikisika kidogo tu au isitikisike kabisa, basi koili mbili zinavutana na moja imegeuzwa. Jaribio hili ni la lazima hasa kwa muungano wa mfuatano, kwani koili zinazopingana hula umeme na kuzalisha joto bila kutoa besi yoyote. Sabufa zote mbili zikiruka nje, ziunge sambamba, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, na pima tena kwenye ncha za waya utakaoingia kwenye amplifaya. Mita ikisoma kati ya 3.2 na 3.8, uko salama. Ikisoma chini ya 1, umerudia muungano wa zamani.

Wako mafundi wanaotetea omu 1 kwa hoja kwamba impidansi hupanda muziki unapocheza. Ni kweli kwamba haikai pahala pamoja: karibu na hezi ambazo koni huvuma yenyewe ndani ya boksi inaweza kupanda mara kadhaa ya nambari ya kwenye lebo. Lakini kwenye boksi lenye bomba kuna vilele viwili, na katikati yake, pale pale boksi lilipotiuniwa (yaani kwenye hezi ambazo bomba lake huzikuza), impidansi huporomoka mpaka ikakaribia ukinzani wa shaba. Nyimbo zenye besi nzito zina noti nyingi mahali hapo, kwa hiyo amplifaya hupimwa kwa omu ya chini kabisa itakayokutana nayo, si kwa wastani.

Kuhusu taa za mbele kufifia, ushauri wa kapasita hauna faida. Kapasita ya faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi volti 12 hutoa nishati ya juli 26. Amplifaya inayotoa wati 600 kwa ufanisi wa asilimia 80 huvuta wati 750, kwa hiyo akiba hiyo huisha kwa sekunde 0.035, kabla hata pigo moja la ngoma halijamalizika, na baada ya hapo kapasita yenyewe inahitaji kujazwa na alteneta ile ile iliyokwisha elemewa. Betri kubwa nayo husaidia gari likiwa limezimwa, lakini injini ikiwaka mzigo ni wa alteneta. Wati 750 kwa volti 13.8 ni ampea 54 wakati wa kilele, na wati 1000 za omu 2 zingetaka ampea 90. Alteneta za magari madogo mara nyingi huwa kati ya ampea 70 na 100, na sehemu yake inahitajika kwa taa, feni na injini yenyewe. Muziki haukai kileleni muda wote, kwa hiyo ampea 54 gari lako litazimudu. Ampea 90 zingekuletea taabu hata kama omu zingekuwa sawa.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni waya wa kutoka betri. Kwa urefu wa mita 5 kwenda nyuma, waya wa shaba wa milimita za mraba 21, ambao vifurushi huuandika nambari 4, hupoteza takriban volti 0.2 kwa ampea 54, na hilo halina neno. Lakini nyaya nyingi za bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na baadhi yake zimevishwa plastiki nene ili zionekane kubwa. Kwangua nyuzi chache kwa wembe: ikiwa ndani ni nyeupe, si shaba. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, na visiwani kwetu ina ubaya wa pili, kwa sababu hewa ya chumvi ikishaingia kwenye ncha ya waya huzalisha unga mweupe unaozuia umeme, ambao huuoni mpaka uifungue nati. Weka fyuzi ya ampea 80 kwenye waya huo, isiwe mbali na betri zaidi ya sentimita 45, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia moto endapo waya utachubuka unapopita kwenye bodi. Waya wa hasi uwe mnene sawa na wa chanya, mfupi usiozidi nusu mita, ufungwe kwa boliti kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae, na baada ya kukaza, si kabla, upake grisi juu ya kiungo chote ili unyevu usiingie. Injini ikiwaka na muziki ukicheza kwa nguvu, pima volti kwenye amplifaya yenyewe: zikishuka chini ya 12.5, tafuta kiungo kibovu kabla ya kulaumu betri.

Sasa boksi, na hapa fundi wa tatu alikaribia ukweli, ingawa kuchonga jipya si lazima. Boksi lako kwa ndani ni 80 mara 35 mara 32, yaani karibu lita 90. Ukitoa nafasi inayoliwa na sumaku na vikapu vya sabufa na mabomba yenyewe, hubaki kiasi cha lita 80. Mabomba mawili ya inchi 4 yana eneo la karibu sentimita za mraba 160. Kwa urefu wa sentimita 15, pamoja na nyongeza ndogo ya hewa inayotikisika nje ya ncha zake, boksi hilo limetiuniwa kwenye hezi 51 hivi. Hiyo ndiyo sababu ya besi kuvuma kwa sauti moja: kila kinachokaribia hezi 51 hukuzwa na kilicho chini yake huporomoka. Mtindo huu umezoeleka, kwa sababu bomba fupi ni rahisi kulitia na linapiga kelele dukani, na mnunuzi hulipia kelele hiyo akidhani ni besi.

Lenye madhara zaidi ni kinachotokea chini ya hezi 51. Boksi lenye bomba huishika koni kuanzia pale lilipotiuniwa kwenda juu tu. Chini ya hapo hewa hutoka na kuingia bila kipingamizi, na koni hubaki kama iko nje ya boksi, ikirushwa mbele na nyuma bila kizuizi. Waya mnene wa gitaa la besi, na vile vile wa besi kubwa ya fidla inayosimamishwa sakafuni kwenye vikundi vya taarabu, ukipigwa wazi hutoa hezi 41. Nyimbo za kisasa zinazotengenezwa kwa kompyuta hushuka chini zaidi ya hapo. Noti hizo zote kwako zinapita mahali ambapo koni haina wa kuishika, na ni bahati kwamba amplifaya imekuwa ikikata mapema.

Ungeweza kuyarefusha mabomba. Ili ushuke hadi hezi 35 kwa eneo hilo hilo, kila bomba lingetaka karibu sentimita 45, nalo lenyewe lingekula nafasi ya boksi, lingehitaji kukunjwa, na lingekuwa jembamba kidogo kwa wati 600, hivyo lingetoa mlio wa upepo. Lakini mimi nisingefanya hivyo, kwa sababu ya nambari mbili ulizozisoma kwenye karatasi. Neville Thiele na Richard Small, ambao kati ya mwaka 1961 na mwanzo wa miaka ya 1970 waliziweka sawa hesabu hizi huko Australia, walituachia njia ya kujua boksi gani linafaa spika gani kabla ya kukata ubao. Kwa boksi lililofungwa, chukua ujazo wa Vas, ugawe kwa ujazo wa boksi la sabufa moja, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa Qts. Ukipata 0.707, besi huwa imenyooka na kukauka vizuri. Ikipanda kupita 1 huanza kuvuma. Wewe una Vas 40 na, mabomba yakiondolewa, karibu lita 40 kwa kila sabufa. 40 kwa 40 ni 1, ukiongeza 1 ni 2, kipeuo chake ni 1.414, na mara 0.5 ni 0.707. Seremala wako amechonga, bila kukusudia, boksi lililofungwa linalofaa kabisa kwa sabufa hizi. Sabufa ya Qts 0.5 tangu asili inapendelea boksi lililofungwa. Lenye bomba huifaa zaidi ile ya Qts iliyo karibu na 0.3 au 0.4.

Kwa hiyo yaondoe mabomba na uzibe matundu yake kwa vipande vya plaiwudi, ukivitia gundi ya mbao na skurubu kutoka ndani. Ubao wa milimita 12 ni mwembamba, lakini ukiweka ndani kipande cha mbao kinachoshikanisha ukuta wa mbele na wa nyuma katikati ya sabufa mbili, na kingine kati ya juu na chini, utaugonga kwa kifundo cha kidole na kusikia kwamba mlio umekuwa mkavu. Ukichonga jipya baadaye tumia milimita 18. Nakushauri plaiwudi nzuri isiyoharibika kwa maji kuliko MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi), kwani MDF isiyopakwa rangi pande zote hufura kwenye unyevu wa masika, na ikishafura skurubu hazishiki tena. Pita viungo vyote kwa silikoni, lakini ile yenye harufu ya siki iache ikauke siku mbili boksi likiwa wazi kabla ya kurudisha sabufa, kwa kuwa mvuke wake hula chuma na gundi za koni. Ndani unaweza kutia pamba ya polista ya mito kwa kiasi, isiguse koni. Sufi usiitie, nyuzi zake ni nyepesi na huweza kupeperukia kwenye nafasi ya koili. Ukimaliza, isukume koni moja taratibu na uiangalie ya pili. Ikiwa boksi halivuji, ya pili itatoka nje na kubaki huko muda wote unapoishikilia ya kwanza. Ikirudi haraka, hewa inavuja pahala.

Usihofu kwamba boksi lililofungwa litakosa besi ya chini. Kwa vipimo vyako litaanza kushuka karibu na hezi 42, lakini chumba cha gari kidogo chenyewe huikuza besi kuanzia karibu hezi 70 kwenda chini, kwa sababu mawimbi hayo ni marefu kuliko gari, na ukuzaji huo hufidia sehemu kubwa ya kushuka kwa boksi. Ndiyo maana boksi lililofungwa likisikilizwa sebuleni huonekana jembamba, na hilo hilo ndani ya Probox likashuka vizuri.

Mwisho wa kazi ni kurekebisha amplifaya. Kitufe cha geni huwekwa ili nguvu ya redio ilingane na ya amplifaya. Hakikuwekwa kwa ajili ya kuongeza sauti. Zima nyongeza zote za besi kwenye redio na kwenye amplifaya, kwani nyongeza ya desibeli 6 hudai nguvu mara nne. Ondoa nyaya za sabufa, cheza sauti ya majaribio ya hezi 50 iliyorekodiwa bila kupunguzwa nguvu, weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, na upime kwa mita ya volti za umeme geugeu kwenye ncha za amplifaya huku geni ikipanda taratibu. Wati 600 kwa omu 4 ni volti 49. Simama hapo, au chini kidogo. Ukipita hapo wimbi hukatwa kichwa, na wimbi lililokatwa kabisa huwa na nguvu mara mbili ya lile la kawaida lenye kilele sawa. Hivyo ndivyo sabufa za wati 500 zinavyounguzwa na amplifaya ya wati 600. Kichujio cha chini, kile kinachopitisha besi tu, kiweke kwenye hezi 80.

Ukisikiliza hivyo kwa muda na bado moyo wako unataka zile wati 1000, badilisha sabufa na si amplifaya: tafuta mbili zenye koili mbili za omu 2, zenye Qts na Vas zinazokaribiana na hizi ili boksi lisipotee, ziunge kwa mfuatano kisha sambamba upate omu 2, na uangalie kwanza alteneta yako ni ya ampea ngapi. Na popote utakaponunua, kabla ya kusoma wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa, zitazame fyuzi za amplifaya. Jumlisha ampea zake, zidisha kwa 13.8, kisha kwa 0.8. Yako yenye ampea 80 inatoa karibu wati 880, kwa hiyo aliyeandika 1000 hakuwa mbali na ukweli. Iliyoandikwa wati 3000 na kutiwa fyuzi moja ya ampea 30 haizidi sana wati 330.